Hivi hawa vijana wa boti za faiba ni umri, ni mashine au ni njaa? Kusi limeingia, tuongee

#1 Kasa_Mzee
Wakuu salaam. Niko mashariki ya Unguja, upepo wa kusi umeshashika. Juzi TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) wametoa tangazo lao, upepo wa kilomita 40 kwa saa, mawimbi ya mita 2. Jioni yake madogo wanne wakang'oa nanga boti ya faiba ya ami yao, mashine ya nguvu farasi 40 nyuma, mkubwa wao labda ana kumi na sita. Hawaendi kuvua. Wanakwenda mlangoni, pale mwamba ulipokatika, ambapo maji yakianza kupwa yanakutana na mawimbi ya nje na yanasimama wima. Mchezo wenyewe ni huu: mmoja anasimama omoni, yaani mbele, kashika kamba ya nanga, aliye tezini, nyuma, anakaza mafuta, boti inaruka wimbi na kutua kwa kishindo. Wa tatu anapiga video. Jaketi la kuokolea ni moja kwa watu wanne, na hilo moja dogo wa nne amelikalia.

Hawa ni watoto wa pwani, kuogelea wanajua, babu zao mabaharia. Kwa nini? Mimi nasema ni mashine. Zamani hufiki mlangoni mpaka ujue tanga, na kujua tanga ni miaka ya kufua maji na kutukanwa na nahodha. Leo ukijua kuvuta kamba ya mashine umeshakuwa nahodha. Nawasilisha.

#2 Mchokozi
Kwa hiyo ulikaa na kikombe cha kahawa ukaangalia sinema yote?

#3 Kasa_Mzee
Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Walinipungia mkono.

#4 Bi_Mwanaidi
Babu Kasa shikamoo. Mashine unaionea. Mimi wa Tanga, nimekulia Raskazone, na kaka yangu hakuwa na mashine yoyote. Walikuwa watatu, ngalawa ya kuazima bila ruhusa, maji makubwa ya bamvua, wakabishana nani atakuwa wa kwanza kukizunguka kisiwa cha Toten. Tanga wamelitandaza lote kwa upepo ambao wavuvi walikuwa wameshakunja wakarudi. Mrengu, ule mti wa pembeni unaoishikilia isipinduke, ukavunjika, ngalawa ikalala. Waliokotwa na mashua ya dagaa usiku, midomo imewapauka kwa chumvi na baridi. Siku ya pili anasimulia kijiweni kama ushujaa. Alikuwa na miaka kumi na tano. Sasa ana hamsini na kitu, ukimwambia twende Pemba kwa boti ya abiria kwanza anatoka nje kuangalia mawingu. Bahari ni ileile, kilichobadilika ni umri wake.

#5 Mwalimu_wa_Bweni
Bi Mwanaidi kagusa penyewe. Kuna utafiti ulifanyika Marekani, ukachapishwa 2005. Waliwaweka vijana wa miaka 13 hadi 16, wa 18 hadi 22, na watu wazima, wakacheza mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, uendelee au usimame kabla hujagonga. Wakicheza na wenzao pembeni wanatazama, watoto waliongeza uzembe kuliko makundi yote. Watu wazima hawakubadilika sana. Huo ndio ubongo wa balehe: dogo wa Kasa_Mzee anajua hatari vizuri tu. Tatizo ni yule mwenye simu. Mtoe yule, uone kama kuna mtu atasimama omoni.

#6 Mtoto_wa_Forodhani
Mwalimu nakubali na nakataa. Mimi nimekua nikiruka Forodhani. Maji yakijaa tunapanga foleni ukutani, watalii wanapiga picha, unakimbia, unapinduka hewani, mnashindana nani atarusha maji mengi. Ndiyo, watazamaji wanatia wazimu. Lakini tulikuwa na sheria zetu. Huruki maji yakiwa yanapwa, maana chini kuna mawe, na mgeni haruki mpaka mmoja wetu ameshuka kwanza kupima kina. Nani aliziweka? Wakubwa kidogo kuliko sisi, wa kumi na nane kumi na tisa. Watu wazima hawakuwepo kabisa. Hizo boti za faiba ni mpya, hakuna kaka mkubwa aliyezichezea kabla akaumia akaja kusema "hapa hapana".

#7 Ukerewe1
Naona mnaongea kama bahari ndiyo peke yake inayoua. Njooni Ziwa Victoria. Huku mtoto wa darasa la sita anapiga kasia usiku na taa za dagaa, hakuna mlango, hakuna mwamba, ni dhoruba tu inatoka kusikojulikana saa tisa usiku. Na jaketi hamna.

#8 Mchokozi
Ukerewe1 karibu, lakini kichwa cha uzi kimeandikwa kusi. Kusi linafika Nansio?

#9 Lamu_Kwetu
Habari za jioni. Mimi wa Kenya, Lamu. Wote mnaongelea michezo. Wale waliokufa ninaowajua mimi hawakuwa wakicheza. Kijana wa kumi na sita ni baharia wa boti ya abiria au ya mizigo. Tajiri, yaani mwenye chombo, amekaa barazani mjini, anampigia simu: abiria wangapi? Kumi na wawili. Ongeza. Upepo je? Upepo kila siku upo. Huyo kijana akikataa, kesho usukani anapewa mwingine. Mamlaka ya bahari (KMA) wanasema abiria wote wavae jaketi, na mjini ukipita mbele ya askari kila mtu kavaa. Ukishakata kona kuelekea Shela yanavuliwa, yanawekwa chini yakaliwe. Nimeyaona mengine hayajatolewa kwenye nailoni ya dukani, tajiri hataki yachafuke mpaka aje mkaguzi.

Mwalimu anasema ubongo wa balehe. Ubongo wa tajiri je, wa miaka sitini?

#10 Mwalimu_wa_Bweni
Lamu_Kwetu umenichekesha na umenikamata. Ila hao ni watu wawili tofauti, wa mlangoni na wa usukani wa abiria.

#11 Lamu_Kwetu
Ni mtu mmoja, mwalimu. Jumamosi anabeba abiria, Jumapili anaruka mawimbi na boti ileile. Mafuta yaliyobaki ndiyo mshahara wake.

#12 Fundi_Mashine
Mleta mada, kuna kitu hujataja. Mashine ya 40 ya kushika kwa mkono ina kikamba chekundu cha kujizungusha, mwisho wake kuna kipande cha plastiki kinachochomekwa kwenye swichi ya kuzimia. Unajifunga mkononi au gotini. Ukirushwa nje kinachomoka, mashine inazima. Zinazoletwa kwangu kutengenezwa, nyingi kikamba kimekatwa zamani, na swichi imekazwa na kipande cha ndala ili mashine isizime "hovyo".

Sasa sikieni kinachotokea. Dereva akitoka, mkono wa mashine haubaki katikati. Nguvu ya propela inausukuma upande mmoja mpaka mwisho, boti inaanza kuzunguka duara, na duara hilo linarudi palepale alipoangukia mtu. Boti haina dereva, mafuta yamekazwa, inapita na kurudi, inapita na kurudi. Waliobaki ndani wamelala chini hawawezi hata kuushika ule mkono. Nimemuona kijana mmoja wa Kigamboni hospitali baada ya mchezo huo, paja lote. Sitaeleza zaidi, kuna watu wanakula.

Kikamba chenyewe ni bei ya chakula cha mchana. Mimi siiti huo ujasiri wala balehe, hakuna aliyewaambia kazi ya kile kikamba. Hata ami yao hajui. Aliinunua mashine mtumba, kikamba hakikuwepo.

#13 Kasa_Mzee
Fundi, ahsante. Kesho nakwenda kukiangalia hicho kikamba kwenye ile boti.

#14 Kijana_wa_Mjini
Tatizo ni elimu. Watu walishasahau MV Skagit ilivyozama Nungwi 2011 na mamia wakafa.

#15 Mpemba_Halisi
Kijana_wa_Mjini umechanganya. Ya Nungwi ni Spice Islander, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikielekea Pemba. Skagit ni 18 Julai 2012, inatoka Dar, ikazama karibu na Chumbe, kusi limechacha. Na zote mbili hazihusiani na vijana. Zile ni meli za wakubwa, zilizokaguliwa na wakubwa.

Kuna jingine. Mleta mada anasema "kuogelea wanajua". Mkondo wa Nungwi hauulizi unajua kuogelea au hujui. Waliopona Spice Islander wengi walipona kwa kushika kitu, godoro, dumu, chochote kinachoelea. Sisi Pemba tunawaambia watoto, chombo kikipinduka kaa nacho, hata kama nchi unaiona. Nchi inaonekana karibu kwa sababu mlima unaonekana toka mbali. Anayejua kuogelea sana ndiye anayeacha chombo akajaribu. Asiyejua anang'ang'ania, na ndiye anayeokotwa.

#16 Kijana_wa_Mjini
Mwaka na jina tu hivyo, hoja iko palepale.

#17 Mchokozi
Mwaka, jina, mahali. Kilichobaki sahihi ni neno "MV".

#18 Nesi_Zuhura
Habari zenu. Naongezea kwa Mpemba. Si kweli kwamba watoto wote wa pwani wanajua kuogelea. Wa kiume, wengi ndiyo. Wa kike, nendeni vijijini muulize. Ndiyo maana kule Nungwi kuna mradi wa Panje unaowafundisha wasichana kuogelea wakiwa na mavazi ya stara, na mwanzoni wazazi walikuwa wagumu kweli. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, karibu nusu yao chini ya miaka 29. Hiyo haihesabu waliokufa kwa ajali za vyombo vya majini wala mafuriko.

Na jambo la pili, nimechoka nalo. Mtu akitolewa majini vijana wanamning'iniza kichwa chini au wanamkanyaga tumbo "maji yatoke". Acheni. Yale maji ya tumboni yakitoka yanaingia kifuani. Kama hapumui, mlaze chali, fungua njia ya hewa, mpulizie pumzi kwanza, halafu mkandamize kifua. Aliyezama amekosa hewa, kwa hiyo hewa ndiyo inaanza. Na mwambie aliyepona aje hospitali hata kama anacheka, kifua kinaweza kubadilika baada ya saa kadhaa.

#19 Ukerewe1
Nesi ubarikiwe. Na mkitaka kijana wa majini asiyekuwa mzembe, mkumbukeni yule mvuvi Majaliwa, ndege ilipoanguka ziwani Bukoba Novemba 2022. Alikuwa kijana mdogo, akaenda kuokoa abiria kabla ya wenye sare hawajafika. Huo nao ni ule ule ubongo wa Mwalimu. Angekuwa na akili ya miaka hamsini angekaa ufukweni kusubiri maelekezo.

#20 Mwalimu_wa_Bweni
Ukerewe1 hapo sina jibu, kwa kweli. Ingawa huyo alikuwa kapita utoto, na kazi yake ilikuwa uvuvi.

#21 Bi_Mwanaidi
Mwalimu usikimbie. Ukitaka mwanao asiwe na moyo wa hatari hata kidogo, utampata akiwa amekaa ndani na simu. Nina mmoja wa hivyo, karibuni mumchukue.

#22 Msafiri_wa_Bergen
Niko Norway miaka sasa. Huku chini ya miaka 16 huruhusiwi kuendesha boti ndefu kuliko mita 8 wala yenye mashine zaidi ya nguvu farasi 10. Na boti ndogo chini ya mita 8 kila mtu avae jaketi, tangu 2015, ni sheria na kuna faini. Watoto wanaanza na kaboti kadogo, mashine ndogo, wanazunguka bandarini mbele ya babu zao. Ujinga bado upo, kila kiangazi kuna mtu anagonga jiwe usiku. Lakini ngazi ya kupanda ipo.

#23 Lamu_Kwetu
Mashine ya 10 hapa inauzwa wapi? Ya chini kabisa kijijini kwetu ni ya 15, na mwenye nayo anaonewa huruma.

#24 Fundi_Mashine
Na ya 15 kwenye boti nyepesi yenye mtoto mmoja ndani inanyanyua omo juu mpaka mbele huoni kitu. Namba peke yake haisaidii. Angalia mashine na chombo pamoja.

#25 Kijana_wa_Mjini
Kuna watoto watatu wa visiwa vya huko Pasifiki walipotea miezi mitatu wakaokotwa wazima. Mungu akikuandikia, amekuandikia.

#26 Mpemba_Halisi
Ndugu yangu, siku kama 50, si miezi mitatu. Ilikuwa Tokelau, kisiwa cha Atafu, mwaka 2010. Vijana wa miaka 14 na 15, boti ndogo ya alumini, wakapotea Oktoba, wakaokotwa Novemba na meli ya kuvua jodari kaskazini mashariki ya Fiji. Nyumbani walishasomewa ibada. Nazi walizokuwa nazo chache, maji ya mvua, na ndege wa baharini mmoja waliyemkamata. Mwisho walikuwa wameanza kunywa maji ya chumvi. Meli ile ilikuwa imepita njia ambayo si yake ya kawaida. Kuandikiwa ni kweli, lakini usimpe mtoto wa Kasa_Mzee hadithi hii bila kumwambia hiyo sehemu ya maji ya chumvi.

#27 Mchokozi
Kijana_wa_Mjini, bado una "MV".

#28 Dada_Wa_Tanga_Mjini
Nimekuwa nasoma tu. Kuna yule binti wa Uholanzi, Laura Dekker, alizunguka dunia peke yake akamaliza Januari 2012 akiwa na miaka 16. Mahakama ya kwao ilimzuia mwanzoni. Na mwingine wa Marekani, Abby Sunderland, 16 vilevile, mlingoti ulimvunjikia kusini ya Bahari ya Hindi Juni 2010, akabonyeza kifaa cha kurusha ishara kwa setilaiti, meli ya uvuvi ya Kifaransa ikamfuata. Mwenye miaka 16 anaweza kuwa nahodha. Tofauti ni kwamba hao walikuwa na chombo chao, vifaa, na mzazi aliyekaa nao kwenye tanga tangu wadogo. Siyo umri.

#29 Bi_Mwanaidi
Dada, hao ni watoto wa watu wenye fedha. Anayebonyeza kifaa na meli ikamjia, na anayebonyeza simu isiyo na salio, usiwapime pamoja.

#30 Kasa_Mzee
Wakuu nimerudi. Nimeongea na ami wa wale madogo. Kikamba hakipo, swichi imekazwa kwa mpira wa baiskeli, kama Fundi alivyosema. Nikamuuliza jaketi ngapi, akasema manne, yapo stoo. Nikasema yatoe. Akatoa. Mawili yameliwa na panya, moja la mtoto mdogo, moja zima. Halafu akanigeuzia kibao: "Mwinyi, wewe ulipokuwa kijana si ulivuka kwenda Pangani na ngalawa kwa dau la pakiti ya sigara?" Watu wote barazani wakacheka. Ni kweli nilivuka. Lakini nilivuka kaskazi, bahari imelala, na nahodha wangu alikuwa na miaka arobaini.

#31 Mtoto_wa_Forodhani
Mzee, kwa hiyo wale madogo wamerithi.

#32 Mchokozi
Nilijua tu. Kahawa ile haikuwa ya bure.

#33 Lamu_Kwetu
Kasa_Mzee, uliza pia nani anaweka mafuta kwenye hiyo boti Jumapili. Hapo ndipo mchezo unaanzia.

#34 Kasa_Mzee
Anaweka ami mwenyewe. Anasema akiwanyima hawatamsaidia kusukuma boti alfajiri. Si mchezo wala si njaa hapo, sijui tuiteje.

#35 Mpiga_Ndoano
Wakuu, mtu anaponunua jaketi mtumba anajuaje kama bado linafaa?

#36 Fundi_Mashine
Libonyeze kwa kidole gumba sehemu ya povu. Likirudi lilivyokuwa, sawa. Likibaki na shimo, limekufa hilo, hata kama nje linang'aa. Halafu vuta mikanda kwa nguvu zako zote, uzi uliooza utaujua papo hapo. Mwisho livae, mwenzako alivute mabegani kwenda juu. Likikupita masikioni ni kubwa kwako, majini utabaki chini lenyewe linaelea.

#37 Mpiga_Ndoano
Shukrani. Na zile nyembamba za kujaza hewa, wageni wa hotelini wanavaa, je? Mimi navua kwa mshipi.

#38 Mpemba_Halisi
Jaketi la hewa, kwenye boti yenye ndoano kila pembe? Mkuu, chukua la povu.